Kuchagua mashine ya gemu Mkongo na Delta ya Rufiji

Picha ya gemu haijarekodiwa mahali kama ilivyo filamu. Mashine huichora upya mara 30 au 60 kila sekunde, ikifuata mchezaji anavyobonyeza pedi. Ubora wake una pande mbili. Upande wa kwanza ni ukali, unaohesabiwa kwa pikseli, yaani vitone vya rangi vinavyounda picha moja. Wa pili ni wepesi, unaohesabiwa kwa fremu, yaani picha zinazochorwa ndani ya sekunde moja. Mashine ghali huishinda ya bei ndogo katika pande zote mbili, ila ushindi huo humfikia mchezaji pale tu runinga inapoweza kuuonyesha, umeme unapotosha na gemu inayotakiwa inapopatikana. Mnunuzi wa Mkongo, Ikwiriri, Kibiti au Nyamisati ana kila sababu ya kuanza na hayo matatu, tarakimu za kwenye boksi zifuate baadaye.

Tarakimu zenyewe si ngumu kuzielewa. Picha ya 720p ina pikseli 1,280 kwa 720, jumla 921,600. Ya 1080p ina 2,073,600, na ya 4K ina 8,294,400, mara nne ya iliyotangulia. Kazi ya kuchora huongezeka karibu kwa kiasi hichohicho, ndiyo maana mashine moja inaweza kutoa gemu ileile kwa 4K ikienda fremu 30, au kwa pikseli pungufu ikienda fremu 60. Gemu nyingi za PS5, yaani PlayStation 5, humwachia mchezaji achague mwenyewe. Penye fremu 30, kila picha hukaa kiooni milisekunde 33. Penye 60 hukaa 17 hivi. Anayecheza gemu ya hadithi, akatembea taratibu msituni akitazama mandhari, hasumbuliwi na fremu 30. Kwenye mpira, ngumi au mbio za magari mambo ni mengine, kwa sababu beki anayechelewa kuonekana nusu hatua ameshapitwa. Vibanda vya gemu huishi kwa mpira, na kwa mwenye kibanda fremu 60 zina thamani kuliko 4K. Akilishika hili mapema, hatatoa fedha ya mashine kubwa kwa kazi ambayo ndogo inaimudu.

Ndani ya mashine kuna sehemu nne zinazoamua picha itokeje. Prosesa huendesha akili ya gemu: mabeki wakimbilie wapi, mpira udunde vipi, gari lipinde namna gani. Chipu ya michoro hugeuza hesabu hizo kuwa rangi. Memori hushikilia vitu vinavyohitajika wakati huo, kama nyuso, jezi na nyasi, na ukubwa wake hutajwa kwa megabaiti au gigabaiti. Ya nne ni upana wa njia kati ya memori na chipu, nayo ndiyo isiyotajwa na wauzaji. Chipu ya kasi iliyokosa njia pana ni lori lililokuwa likiwahi Ndundu kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003: mwendo wote wa barabarani uliishia kwenye foleni ya pantoni.

Mfano mzuri ulionekana Novemba 2013, PlayStation 4 na Xbox One zilipotoka kwa kupishana siku chache. Prosesa zao zilikuwa za ukoo mmoja, Jaguar ya kampuni ya AMD, yenye viini vinane. Zote zilikuwa na memori ya gigabaiti 8. Tofauti ilikuwa kwenye njia: memori ya PS4 ilipitisha gigabaiti 176 kwa sekunde, wakati ya Xbox One ilipitisha 68, ikisaidiwa na kijimemori cha megabaiti 32 kilichowekwa ndani ya chipu. Chipu ya michoro ya PS4 nayo ilikuwa na teraflopu 1.84 dhidi ya 1.31. Matokeo hayakuhitaji fundi kuyaona. Gemu ya Call of Duty: Ghosts, iliyotoka mwaka huohuo, ilichorwa kwa 1080p kwenye PS4 na 720p kwenye Xbox One.

Teraflopu moja ni hesabu trilioni moja za desimali kwa sekunde. Ni kipimo halali kinapolinganisha mashine za kizazi kimoja, kama zile mbili za 2013. Nje ya hapo hupotosha. PS4 Pro ya 2016 ina teraflopu 4.2 na Xbox Series S ya 2020 ina 4, na mwenye kusoma namba tupu ataichukua Pro. Lakini Series S ina prosesa ya kizazi kipya iliyoiacha mbali ile Jaguar, na hifadhi yake ni SSD badala ya diski inayozunguka, hivyo huzicheza gemu ambazo Pro haizifungui kabisa. Hata ndani ya kizazi kimoja namba haimalizi maneno: Xbox Series X ina teraflopu 12.15 na PS5 ina 10.28, ila gemu zinazotoka kwa zote mbili hufanana kiasi kwamba wapimaji hulazimika kukuza picha ndipo waone tofauti, na mara nyingine PS5 hutangulia.

Anayetaka kuona vizazi kwa macho yake atazame Grand Theft Auto V, gemu iliyopita vizazi vitatu ikiwa na mji uleule. Ilitoka Septemba 2013 kwa PS3 na Xbox 360, mashine zenye memori ya megabaiti 512, ikichorwa kwa 720p na fremu zisizozidi 30 ambazo mara nyingi zilishuka chini ya hapo. Novemba 2014 ikaja kwa PS4 ikiwa na 1080p, nyasi nyingi zaidi, magari mengi zaidi barabarani na uwezo wa kutazama kupitia macho ya mhusika, lakini bado kwa fremu 30. Machi 2022 ikaja kwa PS5, mchezaji akipewa nafasi ya kuchagua kati ya 4K kwa fremu 30 na fremu 60 kwa pikseli chache zaidi. Hatua ya kwanza, kutoka PS3 hadi PS4, huonwa na kila aliyekaa kwenye benchi. Ya pili, hadi PS5, huonwa zaidi na aliyeshika pedi, na kwenye runinga ndogo anayetazama tu hatajua kimebadilika nini.

Katika vijiji vya Rufiji na Kibiti mashine za vizazi hivi vyote bado zina kazi, na ya zamani kuliko zote haistahili dharau. PlayStation 2 ilitoka Japani Machi 2000, Sony ikatangaza kuacha kuitengeneza mwanzoni mwa 2013, na zaidi ya milioni 155 ziliuzwa duniani. Ina memori ya megabaiti 32 tu. Toleo jembamba, lililoanza 2004, hula wati 25 hadi 30, hukaa kimya, na fundi yeyote wa redio huweza kulifungua na kulifunga. Picha yake ilitengenezwa kwa ajili ya TV za chogo. Kwenye runinga bapa ya inchi 40 huonekana kama imepakwa mafuta, kwa kuwa runinga inavuta picha ndogo ijaze kioo kikubwa, na kazi hiyo ya kuvuta huongeza ucheleweshaji kati ya pedi na picha. Mwenye PS2 asiitupe TV ya chogo kama bado inawaka. Mipaka yake iko kwenye gemu: zile za mpira, FIFA 14 na PES 2014, ndizo za mwisho kutolewa rasmi kwa mashine hiyo, na vikosi vipya vinavyoonekana humo ni kazi ya mashabiki.

Kizazi kilichofuata, cha PS3 na Xbox 360, ndicho kinachohitaji tahadhari kubwa kuliko vyote. Matoleo ya mwanzo yalikuwa na joto lisilo la kawaida. PS3 ya 2006 ilikaribia wati 200 ikicheza, na nyingi zilikufa kwa taa ya njano. Xbox 360 ya 2005 ilikufa kwa taa tatu nyekundu, tatizo lililoilazimu Microsoft mwezi Julai 2007 kurefusha dhamana hadi miaka mitatu na kutenga zaidi ya dola bilioni moja za kulishughulikia. Matoleo ya mwisho, PS3 ile nyembamba zaidi ya 2012 na Xbox 360 za kuanzia 2010, ni imara. Lakini PES iliziaga na toleo la 2018 na FIFA ikaziaga na la 19, kwa hiyo mwenye kununua kizazi hiki leo ananunua maktaba iliyofungwa. Kwa mtu mwenye mashine tayari, aendelee nayo. Kwa anayeanza, bei yake ikikaribia ya PS4 haina utetezi.

PS4 ndiyo mashine inayolifaa eneo hili, hasa toleo jembamba lililotoka Septemba 2016, ambalo nambari yake huanza na CUH-2. Lina nguvu ileile ya michoro ya PS4 ya kwanza, lakini hula takriban wati 80 ikicheza, wakati ya kwanza ilikula kama 140. Gemu za mpira huendesha kwa 1080p na fremu 60. Gemu mpya za mpira ziliendelea kuifikia zaidi ya miaka kumi baada ya kizazi chake kuanza. EA Sports FC 26, ya mfululizo uliokuwa ukiitwa FIFA, ipo kwa PS4. PS4 Pro hutoa pikseli nyingi zaidi kwa umeme na kelele nyingi zaidi, na bila runinga ya 4K faida yake ni ndogo mno. PS5 ni mashine bora kuliko hizi zote, hakuna ubishi, ila inadai mazingira yake, na mazingira hayo ndiyo makala haya yanayageukia sasa.

Runinga ndiyo kizuizi cha kwanza. Runinga nyingi za inchi 32 zinazouzwa kwa bei ya kawaida huwa na pikseli 1,366 kwa 768, kama milioni moja na kidogo, hata pale boksi lilipoandikwa kwamba inapokea 1080p. Kupokea si kuonyesha: runinga huipokea picha kubwa kisha huipunguza. PS5 iliyochomekwa kwenye runinga ya namna hii inachora pikseli milioni nane au mbili, mtazamaji anaona milioni moja. Faida zitakazobaki ni fremu na kufunguka haraka kwa gemu. Kinachotakiwa kusomwa kwenye karatasi ya maelezo ni idadi halisi ya pikseli za kioo, na muuzaji asiyeijua aombwe afungue boksi. Umbali nao una hesabu yake. Kwa kioo cha inchi 32, jicho zima halitofautishi 768 na 1080 likiwa umbali wa mita mbili na nusu au tatu, na huo ndio umbali wa benchi la nyuma kwenye kibanda umiza chochote. 4K huanza kuwa na maana kuanzia inchi 50 au 55 kwa mtu aliyekaa karibu.

Kuna mpangilio mmoja wa runinga ambao hauna gharama na huleta tofauti kubwa kuliko kubadili mashine. Runinga za kisasa husafisha picha kabla ya kuionyesha: hulainisha mwendo, huongeza rangi, huondoa chembechembe. Kwa taarifa ya habari ni sawa. Kwa gemu, usafishaji huo unaweza kuchelewesha picha kwa milisekunde zinazopita hata zile 33 za fremu moja. Kwenye menyu ya picha kuna hali maalumu ya gemu, inayokaa pamoja na hali za sinema na michezo. Ikishawashwa, mchezaji aliyekuwa akilaumu pedi hunyamaza. Hali ya michezo isichanganywe na hali ya gemu, maana hiyo imetengenezwa kwa ajili ya mechi za kutazama na huongeza ulainishaji.

Kizuizi cha pili ni umeme. Bwawa la Julius Nyerere, lenye mitambo tisa na uwezo wa megawati 2,115, limo ndani ya Rufiji yenyewe, na wageni hudhani kwamba wenyeji wanaukinga umeme mlangoni. Umeme ule husafirishwa kwanza kwenda Chalinze kwa msongo wa kilovolti 400 na kuingia kwenye gridi ya taifa. Kijiji huupata kupitia nyaya za usambazaji kama kijiji kingine chochote, na nyaya zikiwa ndefu volti hushuka jioni kila mtu anapowasha. Kushuka huko hakuziui mashine za kisasa. Pawasaplai zao nyingi hupokea kuanzia volti 100 hadi 240, kwa hiyo volti 180 hazizisumbui, ingawa runinga na feni ya chumbani huonyesha dalili. Kinachoua ni msukumo wa ghafla umeme unaporudi baada ya kukatika, na kinachoharibu gemu zilizohifadhiwa ni kukatika kwenyewe wakati diski inaandika. Kifaa cha kulinda TV kinachosubiri dakika chache kabla ya kupitisha umeme ni bei ndogo ukilinganisha na pawasaplai mpya, na UPS ndogo ya kumwezesha mtu kuzima kwa utaratibu ni bora zaidi.

Matumizi ya uniti huhesabika kirahisi. PS4 nyembamba na runinga ya inchi 32 hula kama wati 120 kwa pamoja. Kwa saa sita kila siku ni uniti 0.72, au 22 hivi kwa mwezi. PS5 ikicheza hula kama wati 200, na runinga ya inchi 55 huongeza mia moja. Kwa muda uleule ni uniti 1.8 kwa siku na 54 kwa mwezi. Nyumba iliyo kwenye bei nafuu ya TANESCO, isiyotakiwa kuzidi uniti 75 kwa mwezi, itakuwa imebakiwa na uniti 21 za taa, friji, pasi na simu. Kibanda cha biashara hakipo kwenye bei hiyo, kwa hiyo mwenye nacho azidishe uniti zake kwa bei anayolipa kweli kabla ya kupanga bei ya mchezo.

Palipo na sola tu, hesabu ndiyo inayochagua mashine. Betri ya risasi ya volti 12 na Ah 100 hubeba wati-saa 1,200, lakini ikishushwa chini ya nusu mara kwa mara hufa mapema, hivyo za kutumia ni 600. Inveta hula sehemu yake, tuseme asilimia 15, zikabaki 510. PS2 nyembamba na runinga ya LED ya inchi 24, kwa wati 55, zitakwenda zaidi ya saa tisa. PS4 nyembamba na runinga ya inchi 32 zitakwenda saa nne na robo. PS5 na runinga ya inchi 55 zitamaliza betri kwa saa moja na dakika 40. Kuijaza tena betri hiyo kwa siku moja kunataka paneli ya wati 150 na saa tano za jua la kutosha, na wakati wa masika jua hilo halina uhakika. Hapa ushauri wa TV ya chogo unageuka, maana chogo la inchi 21 hula wati 60 au zaidi peke yake. Runinga ndogo za sola zinazotumia volti 12 moja kwa moja ni bora, na kwa udogo wake ukungu wa picha ya PS2 hauonekani sana. Inveta nayo iwe ile ya wimbi laini. Zile za bei ndogo, zenye wimbi la pembe, huzifanya pawasaplai zivume na kupata joto.

Kwa anayeishi visiwani bila umeme wa kutegemea, ipo njia nyingine ambayo wengi hawaifikirii. Nintendo Switch ya 2017 ina kioo chake cha 720p na betri ya saa 2.5 hadi 6.5; ile iliyorekebishwa 2019 hufika saa 4.5 hadi 9. Ikishikwa mkononi hula chini ya wati 10, na huweza kuchajiwa mchana kwa paneli ndogo. Michoro yake iko chini ya PS4, lakini kwenye kioo cha inchi sita upungufu huo hauumi. Shida yake ni gemu, ambazo ni ghali na adimu hata Kariakoo.

Joto, vumbi na chumvi vinastahili kuzungumziwa kwa pamoja kwa sababu vyote humalizia kwenye feni. Vitabu vya maelekezo vya Sony vinataja joto la kufanyia kazi kati ya nyuzi 5 na 35. Kibanda cha bati kisicho na dari, mwezi wa Januari saa nane mchana, huivuka 35 kabla mashine haijawashwa. Chipu ikipata joto kupita kiasi, mashine huongeza mwendo wa feni, kisha huonya, kisha hujizima. Kwa hiyo dari, hata ya makuti au mikeka, ni sehemu ya michoro ya gemu kama ilivyo memori. Mashine ikae wazi pande zote, juu ya ubao, isifunikwe kitambaa inapofanya kazi. Mkongo ina tatizo la vumbi wakati wa kiangazi, magari yanapopita kwenda Mloka na Hifadhi ya Nyerere, na PS4 iliyokaa karibu na barabara hiyo inataka kufunguliwa, kupulizwa na kupakwa upya dawa ya joto juu ya chipu inapoanza kunguruma. Kazi hiyo fundi mzoefu anaiweza. PS5 ni tofauti: juu ya chipu yake kumewekwa metali ya majimaji, ambayo ikimwagika kwenye saketi huiunguza, na fundi asiyewahi kuishika asiifungue kwa kujifunzia.

Kuelekea baharini, Nyamisati na Mbwera, vumbi hupungua na chumvi hushika zamu. Hewa yenye chumvi na unyevu hulisha kutu kwenye meno ya HDMI na ya pedi, na picha huanza kukatika bila sababu inayoonekana. Mashine inayowashwa kila siku hujikausha yenyewe. Inayokaa wiki nzima bila kazi ihifadhiwe kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko, pamoja na vile vifurushi vya chembechembe vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu.

Gemu zenyewe ni kizuizi cha tatu, na hapa mashine nyingine nzuri huanguka. Xbox Series S, PS5 ya kidijitali na PS5 Pro hazina sehemu ya kuingizia diski. Kila gemu hupakuliwa. Gemu kubwa ya sasa huwa na gigabaiti 50 hadi 100 na zaidi, na masahihisho yake huja juu ya hapo. Kwa anayenunua bando, upakuaji wa gemu moja unaweza kuzidi bei ya diski iliyotumika. Sehemu ya diski ya PS5 nyembamba huweza kununuliwa na kuongezwa baadaye, ila hudai intaneti mara ya kwanza inapounganishwa. PES nayo iligeuka eFootball mwaka 2021, ikawa ya bure na ya kupakuliwa. PES 2021 ndiyo ya mwisho iliyokuwa na diski, na kwa kibanda kisicho na intaneti ni mali ya kutunzwa. Diski ya PS4 hunakiliwa kwanza kwenye hifadhi ya ndani kabla ya kuchezwa, hivyo mashine ya gigabaiti 500 itajaa kwa gemu chache kubwa, na diski ya nje ya USB huongeza nafasi bila kubadili picha. Mashine zilizofunguliwa ili zicheze nakala huonekana rahisi mwanzoni, lakini nakala hizo zinavunja Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, na mashine ya namna hiyo ikiingia mtandaoni inaweza kufungiwa moja kwa moja.

Mashine nyingi zinazofika Rufiji ni za mtumba, zimetoka Dubai, Ulaya au Japani zikapitia Kariakoo, na hununuliwa hasa baada ya mauzo ya ufuta na korosho, wakati muuzaji anajua mnunuzi ana haraka. Kwanza isomwe karatasi iliyobandikwa chini au nyuma. Palipoandikwa volti 100 au 120 peke yake, kama ilivyo kwa PS2 kubwa za Japani na adapta za Xbox 360 za Marekani, mashine haitadumu kwenye volti 230 bila transfoma. Nambari ya toleo nayo imo hapo, na ndiyo inayotenganisha PS4 ya wati 80 na ya wati 140 ambazo muuzaji huziita jina moja. Kisha mashine iwashwe hapohapo na gemu nzito ichezwe kwa muda mrefu, kwa sababu chipu yenye ugonjwa hufanya vizuri dakika kumi za mwanzo. Diski iingizwe na kutolewa mara kadhaa. Kwa PS4 itazamwe pia programu ya mfumo: kabla ya toleo la 9.00 la Septemba 2021, kijibetri cha ndani cha CR2032 kikiisha, mashine isiyo na intaneti iliweza kukataa kucheza gemu zake. Kwa mashine iliyo mbali na mtandao hilo ni kasoro halisi, na sasisho hilo linaweza kuwekwa kwa flashi. Mwisho ijaribiwe kuingia mtandaoni kwa simu ya mnunuzi, ili ijulikane kama haijafungiwa.

Pedi zihesabiwe kwenye bei tangu mwanzo. Kibanda huzimaliza pedi kabla ya kumaliza mashine, na kijiti kinachojisogeza chenyewe huharibu mchezo kuliko upungufu wowote wa pikseli. Pedi za PS4 zina vipuri vingi na mafundi wengi, nazo huchajiwa kwa waya wa kawaida wa micro-USB. PS5 huzikubali pedi hizo kwa gemu za PS4 tu. Gemu zake yenyewe zinadai pedi za DualSense, kwa hiyo anayehama kutoka PS4 kwenda PS5 yenye sehemu ya diski atazipeleka diski zake karibu zote, lakini pedi atanunua upya, moja kwa kila mchezaji.